Farasi Mwenye Papara Asiyenenepa: Mwongozo Kamili wa Kumlisha

Saa 12 asubuhi unafungua banda. Ndoo ya nafaka ya jana imebaki robo. Nyasi zilikwisha zamani, hata vumbi lake limelambwa. Kando ya ukuta pamechimbika njia kwa kwato zake, maana amekuwa akienda na kurudi usiku kucha. Mbavu unazihesabu ukiwa bado mlangoni. Halafu ukimtia tandiko, mfuko wa plastiki ukipeperuka uani anaruka kana kwamba ameona chui.

Farasi wa namna hii huwatatiza watu kwa sababu dawa ya shida moja huchochea nyingine. Amekonda, basi anaongezewa nafaka. Akiongezewa nafaka anachachamaa. Akichachamaa anatembea usiku, anatoka jasho, anaacha chakula, anakonda zaidi. Nimekuwa saisi, yaani mtunza farasi, baadaye msimamizi wa mabanda pembezoni mwa Nairobi, na wengi walionipitia wa aina hii ni Thoroughbred, aina ya farasi wa mbio, waliostaafu pale Ngong, uwanja uliofunguliwa 1954. Wanatoka kwenye maisha ya ndoo kubwa za nafaka na mbio za asubuhi, wanaingia kwenye maisha ya kupandwa na watoto siku ya Jumamosi, na ndoo inabaki ile ile.

Nitamtumia mmoja wao kama mfano: Dhoruba, farasi jike wa miaka 7. Alipokuja kwangu alikuwa na kilo 403. Miezi mitano baadaye alikuwa na 442, na nafaka alizokuwa akila zilikuwa chini ya nusu ya zile alizokuja amezoea.

Hatua ya 1: Pima kwanza

Jicho linalomwona farasi kila siku halioni anavyopungua. Mizani ya kupimia farasi ni adimu, lakini kamba inatosha. Usijaribu kwa futi ya fundi cherehani pekee. Ina sentimita 150 tu, haimzunguki. Chukua kamba isiyovutika, izungushe kifuani nyuma ya viwiko vya miguu ya mbele, ipite juu nyuma ya nundu ya mabega, ukaze kidogo anapomaliza kutoa pumzi, utie alama. Kisha pima urefu wa mwili, kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya mfupa wa tako. Ilaze kamba chini, sasa ndipo utumie ile futi.

Zidisha mzunguko wa kifua kwa wenyewe, zidisha tena kwa urefu, ugawe kwa 11,877. Jibu ni kilo. Dhoruba alikuwa na mzunguko wa sentimita 172 na urefu wa 162: 172 × 172 × 162 ÷ 11,877 = 403. Si hesabu ya duka la dhahabu, inaweza kukosea kwa kilo kadhaa, ila akipima mtu yule yule, kwa kamba ile ile, saa ile ile ya siku, mabadiliko utayaona.

Pamoja na kilo, mpe alama ya unene. Kipimo kinachotumika sana ni cha Don Henneke wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, cha mwaka 1983, kinachoanzia 1 (mifupa mitupu) hadi 9 (mafuta yamejaa kila mahali). Lengo letu ni 5: mbavu huzioni, lakini ukipitisha kiganja unazihisi bila kubonyeza. Dhoruba alikuwa 3. Kwa farasi wa ukubwa wake, alama moja ni takriban kilo 20, kwa hiyo tulikuwa na kilo 40 za kutafuta. Mpige picha ubavuni na nyuma, kila baada ya wiki mbili, akiwa amesimama mahali pale pale.

Hatua ya 2: Hakikisha si ugonjwa

Huwezi kujaza mtungi uliotoboka. Kabla ya kununua gunia lolote, daktari wa mifugo aangalie mambo haya.

Meno. Meno ya farasi huota maisha yake yote, na kingo zake huwa kali kama kisu zikakata mashavu na ulimi. Dalili zake utaziona chini: vibonge vya nyasi zilizotafunwa nusu vilivyodondoka karibu na hori. Vunja pia kinyesi kwa mkono uliovaa glavu. Ukiona vijiti virefu vya nyasi au punje nzima za nafaka, chakula kinapita bila kusagwa. Mara moja kwa mwaka meno yasawazishwe, kwa wengine kila miezi sita.

Minyoo. Peleka kinyesi maabara wakahesabu mayai, kisha upate dawa inayofaa kwa uzito uliopima. Kumpa dawa kwa kukisia ndiko kunakozalisha minyoo sugu. Kwa farasi aliyekonda sana, moksidektini isitolewe bila daktari kusema.

Kupe na homa. Huku kwetu farasi anaweza kuishi na vijidudu vya damu vinavyoletwa na kupe, akawa anakonda polepole bila kulala chini hata siku moja. Mfunue mdomo: fizi zinapaswa kuwa na rangi ya waridi yenye unyevu. Zikiwa zimepauka au zina manjano, ni damu ipimwe. Na hapa niseme kwa sauti: dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi usimpake farasi. Hugandisha matumbo yake, naye anaweza kufa kwa msokoto wa tumbo. Soma lebo ya chupa kila mara, hata kama muuzaji amekuapia.

Vidonda vya tumbo. Hiki ndicho ninachokishuku kwanza kwa farasi aliyetoka kwenye mbio. Anakimbilia ndoo, anakula vinywa vitatu, anaondoka, anapiga miayo au kusaga meno. Ukimfunga mkanda wa tandiko anageuza kichwa kutaka kuuma, watu wanamwita mkorofi. Daktari anaweza kuingiza kamera tumboni kuthibitisha, na dawa ya kawaida ni omeprazoli, mara nyingi kwa takriban wiki nne. Ikiwa amekuwa akipewa dawa za maumivu kila siku kwa ajili ya miguu, mwambie daktari, maana nazo huchuna utando wa tumbo.

Farasi wa alama 1 au 2, aliyekaa na njaa kwa wiki nyingi, hahusiki na sehemu inayofuata. Huyo ukimjazia nafaka ghafla, madini ya damu yake huvurugika na anaweza kufa siku chache baada ya kuanza kula, wakati wewe unafurahi kwamba sasa anakula. Kwake kuna utaratibu wa vifungu vidogo vya lusani (alfalfa) mchana na usiku, chini ya daktari.

Hatua ya 3: Jaza usiku wake kwa nyasi

Kama utafanya hatua moja tu katika mwongozo huu, ifanye hii.

Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake, lita 8 hadi 15 tu, na linatoa asidi saa zote 24, awe anakula au hali. Kinachopunguza makali ya asidi hiyo ni mate, na farasi hatoi mate mpaka atafune. Sasa tazama ratiba ya mabanda mengi: saa 11 jioni masaisi wanagawa nyasi na nafaka, wanaenda nyumbani. Saa 2 usiku nyasi zimekwisha. Wanarudi saa 12 asubuhi. Hizo ni saa 10 ambazo mnyama aliyeumbwa kula karibu mchana na usiku amesimama gizani na tumbo tupu lenye asidi. Zikipita saa 6 bila nyasi, hatari ya vidonda inapanda. Mwenye moyo mtulivu atavumilia. Mwenye papara anaanza kutembea.

Na kutembea huko kuna gharama. Farasi mtulivu wa kilo 440 asiyefanya kazi huhitaji takriban kilokalori 13,300 kwa siku. Wa uzito huo huo mwenye hangaiko huhitaji karibu 16,000. Tofauti hiyo ni sawa na kilo moja hivi ya oti, inayoteketea kwa kuzunguka ukuta tu.

Kwa hiyo anza hivi. Kiasi cha nyasi kavu kwa siku kiwe angalau kilo 2 kwa kila kilo 100 za uzito unaoutaka, si uzito alio nao. Kwa farasi wa kufika kilo 440, ni karibu kilo 9, na akitaka zaidi apewe zaidi. Farasi huyu hana haja ya kubaniwa nyasi. Zaidi ya nusu ya kiasi hicho kitolewe jioni. Pima kwa mizani ya ndoano, zile za kupimia gunia, kwa sababu marobota hayalingani: moja lina kilo 10, jingine 15, na kwa macho yote ni robota.

Tia nyasi za usiku katika sehemu mbili au tatu. Rundo moja chini, wavu mmoja ukutani upande wa mlango, wavu mwingine upande wa pili wenye matundu madogo. Anapoanza matembezi yake, kila pembe anayofika anakutana na kitu cha kung'ata. Kwa Dhoruba hii peke yake ilipunguza ile njia ya ukutani ndani ya wiki mbili. Usiku wa kumi hivi nilisimama nje ya banda lake saa 5, taa imezimwa, nikasikiliza. Palikuwa na sauti ya kutafuna tu: kwacha, kwacha, kwacha, kimya kidogo, pumzi ndefu puani, halafu kwacha tena. Nilikaa pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Asubuhi pawe pamebaki nyasi kidogo. Hori likiwa safi kabisa, ujue hazikutosha.

Hatua ya 4: Chagua nyasi zenyewe

Boma Rhodes ni msingi mzuri, na hupatikana kwa urahisi Kenya. Zilizokatwa mapema, kabla mbegu hazijakomaa, zina majani mengi, ukijani bado upo, na ukizikunja mkononi hazikuchomi. Zilizokatwa zikiwa zimezeeka ni vijiti. Farasi hutafuna siku nzima na bado anakonda. Fungua robota uingize mkono katikati: pakiwa na joto, unyevu au harufu ya ukungu, lirudishe.

Matete na nyasi za kikuyu wengi huzitegemea kwa ng'ombe. Kwa farasi ziwe nyongeza tu. Zina oksalati inayoshika kalsiamu tumboni ili isifyonzwe, na farasi anayezitegemea kwa miezi huanza kuchomoa kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake. Uso unavimba, anachechemea mguu huu leo, ule kesho.

Malisho ya kijani uwanjani ni bora kuliko vyote, kwa tumbo na kwa akili yake. Saa nyingi kadiri uwezavyo.

Hatua ya 5: Ongeza lusani

Lusani, ambayo wengine huiita alfalfa, ina protini na kalsiamu nyingi, na kalsiamu hiyo husaidia kupoza asidi ya tumbo. Kilo 1.5 hadi 2 kwa siku zinamtosha farasi tunayemzungumzia. Anza na gao dogo la nusu kilo, uongeze taratibu kwa muda wa siku kumi. Huwa naitoa sehemu ndogo nusu saa kabla ya kumpanda, kama konzi mbili tatu za iliyokatwakatwa. Farasi anapokimbia na tumbo tupu asidi hurukia sehemu ya juu ya tumbo isiyo na kinga. Akiwa na tabaka la majani pale juu, haimfikii kirahisi. Wapo wanaoogopa kwamba kumpanda baada ya kula ni hatari. Kwa ndoo ya nafaka wako sahihi. Kwa konzi hizo za majani, hapana.

Usichanganye jina hili na lusina, ule mti wa malisho unaopandwa mipakani mwa mashamba. Farasi akila lusina kwa wingi hunyonyoka manyoya ya shingo na mkia.

Hatua ya 6: Punguza wanga, hesabu kwa gramu

Nafaka si haramu. Tatizo ni kiasi kwa mlo mmoja. Wanga ukizidi uwezo wa utumbo mwembamba humwagikia utumbo mpana, unachachuka huko, na matokeo yake ni msokoto wa tumbo, kuharibika kwa kwato, na kwa farasi mwenye papara, papara zaidi. Kipimo ninachofuata: wanga usizidi gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake katika mlo mmoja, na usizidi gramu 2 kwa kila kilo kwa siku nzima. Kwa farasi wa kilo 440 ni gramu 440 kwa mlo.

Sasa chukua gorogoro, lile kopo ambalo ndilo kipimo cha mabanda mengi. Gorogoro ya mahindi ni kama kilo 2. Mahindi yana wanga wa asilimia 70 hivi, kwa hiyo umempa gramu 1,400 kwa mpigo mmoja, zaidi ya mara tatu ya kiwango. Gorogoro hiyo hiyo ukijaza oti inakuwa na kilo moja na kidogo, na oti zina wanga wa asilimia 40 hivi. Ukijaza pumba haifiki kilo moja. Chombo ni kimoja, milo ni tofauti kabisa, ndiyo maana nawaomba masaisi wenzangu: kila aina ya chakula ipimwe kwa mizani mara moja, kisha uchore mstari kwenye kopo kwa kalamu isiyofutika.

Oti ndizo nafaka zenye usalama zaidi kwa farasi, kwani wanga wake husagika vizuri hata bila kupikwa. Nusu kilo asubuhi na nusu kilo jioni zinatosha. Mahindi mimi nimeyaacha kabisa kwa farasi wa aina hii. Si kwa ajili ya wanga peke yake. Ukuvu wa mahindi hutoa sumukuvu, na mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yaliyochafuliwa nayo. Kwa farasi kuna sumu nyingine ya ukuvu wa mahindi, fumonisini, inayoyeyusha ubongo. Mahindi yanayokataliwa jikoni kwa sababu yameharibika, ambayo watu husema "wape wanyama", ni ya kutupwa.

Ukipunguza nafaka, punguza kwa siku 7 hadi 14, usikate ghafla. Vijidudu vya utumboni vinahitaji muda wa kuzoea, iwe unaongeza au unapunguza.

Hatua ya 7: Mafuta ya kula

Hapa ndipo uzito unapopatikana bila moto. Mafuta ya kupikia ya mimea, ya soya, alizeti au mahindi, hubeba nguvu zaidi ya mara mbili ya wanga kwa uzito ule ule, na hayamchochei farasi kama nafaka zinavyofanya. Mililita 250 ni sawa na oti gramu 700 hivi.

Anza na mililita 50 kwa siku, zilizogawanywa katika milo miwili. Ongeza 50 kila baada ya siku tatu au nne mpaka ufike 250. Wengine hufika 400, nami nimewahi, ila farasi wengi huanza kuchagua ndoo kabla ya hapo. Kinyesi kikilainika au kikiwa na mng'ao wa mafuta, rudi hatua moja nyuma ukae hapo wiki. Mafuta yasiwe yaliyokwisha kukaangiwa, na yanusiwe kila chupa inapofunguliwa. Yaliyochacha farasi atayakataa, na ni haki yake. Anayekula mafuta huhitaji vitamini E zaidi, hasa kama hapati majani mabichi, hivyo ulizia nyongeza yake kwa daktari.

Walioko Pwani wana njia nyingine: mashudu ya nazi yanayobaki baada ya kukamua mafuta. Yana nyuzinyuzi, mafuta kiasi na wanga kidogo sana. Yalowekwe mpaka yawe laini, na yasiwe na harufu ya kuchacha wala ukungu.

Hatua ya 8: Nyama ya mgongo, chumvi, na suala la pumba

Mafuta huleta mafuta. Mgongo uliobonyea pande mbili za uti unahitaji protini na kazi. Soya iliyokaangwa au kupikwa, gramu 300 kwa siku, inasaidia sana. Soya mbichi isitumike, ina kitu kinachozuia protini kufyonzwa.

Pumba za ngano zinapendwa sana, na uji wake wa moto jioni ni desturi ya zamani. Konzi moja ya kuchanganyia mafuta haina neno. Lakini pumba zina fosforasi nyingi mno kuliko kalsiamu, na farasi anayelishwa ndoo za pumba kila siku huishia na uso uliovimba ule ule niliousema kwenye oksalati.

Chumvi ya kawaida ya jikoni, gramu 25 hadi 30 kila siku, kama vijiko viwili vya chakula visivyojaa sana. Anayetoka jasho jingi aongezewe. Bila chumvi hanywi maji vizuri, na asiyekunywa hali. Maji yawe safi, mbele yake usiku na mchana. Lita 25 hadi 50 kwa siku ni kawaida.

Hatua ya 9: Mpe utulivu wa kula

Nilichelewa kujifunza hili. Dhoruba alikuwa amewekwa banda la mwisho, peke yake, karibu na lango la magari. Nilidhani nimempa nafasi. Mzee mmoja aliyekuwa saisi tangu ujana wake alikuja kunitembelea, akasimama mbele ya banda lile kwa muda, akaniambia, "Kijana wangu, huyu hakosi chakula. Anakosa mtu wa kukesha naye. Anayekula ameinamisha kichwa haoni simba. Lazima mwenzake amwangalizie." Nikamwambia, "Mzee, huku hakuna simba." Akajibu, "Yeye umemwambia?"

Tulimhamisha jioni hiyo hiyo, katikati ya wengine, jirani na farasi maksai (dume aliyehasiwa) mmoja mzee asiyeshtushwa na kitu, ukuta wa kati ukiwa na uwazi wa kuonana. Usiku ule alimaliza ndoo kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo angalia: anaowaona ni akina nani, na je, jirani yake anamtishia juu ya chakula? Yapo mabanda yanayotumia mbuzi kama mwenzi, na hufanya kazi. Ugawaji wa chakula uwe saa zile zile kila siku, na huyu apewe mapema badala ya kusubiri akipiga mlango mateke huku ndoo zikipita. Wakati wa kula asisuguliwe, asifungwe bandeji, asifagiliwe miguuni. Hori liwe chini au karibu na chini, pembe ambayo akila bado anaona mlango.

Kazi nayo ipimwe. Wengine humkimbiza nusu saa akiwa amefungwa kamba ili "atoe wazimu". Anachotoa ni jasho na kilo. Mwendo wa matembezi marefu, mara nne au tano kwa wiki, humtuliza zaidi.

Siku moja kamili

Hivi ndivyo Dhoruba alivyokula baada ya kuzoea kila kitu:

Saa 12 asubuhi: nyasi kavu kilo 1.5. Zikianza kupungua, ndoo ya oti nusu kilo, soya gramu 150, konzi ya pumba, nusu ya mafuta na nusu ya chumvi, vikiloweshwa kwa maji.
Saa 3, kabla ya kupandwa: konzi tatu za lusani.
Saa 5 hadi saa 10: malisho uwanjani na mwenzake. Siku za ukame, nyasi kavu kilo 1.5 huko huko.
Saa 11 jioni: nyasi na lusani kwanza, kisha ndoo ya pili kama ya asubuhi.
Saa 3 usiku, mlinzi anapozunguka: nyavu mbili mpya. Jumla ya nyasi za kuanzia jioni ni kilo 5, na lusani ya siku nzima kilo 2.

Jumla yake ni kilokalori 23,000 na ushei. Farasi wa aina yake mwenye kazi nyepesi hutumia karibu 19,000. Kila kilo moja ya mwili hugharimu ziada ya kilokalori 16,000 hadi 24,000, kwa hiyo tarajia robo kilo kwa siku au pungufu kidogo. Ndiyo maana alama moja ya unene huchukua miezi miwili hadi mitatu. Anayekuahidi wiki mbili anakuuzia kitu.

Ile saa 3 ya usiku ndiyo inayowashinda wengi. Ongea na mlinzi, mwonyeshe nyavu zilizokwisha kujazwa na ndoano ya kuzitundika, umlipe kitu kidogo kwa kazi hiyo. Haizidi dakika tano.

Visivyopaswa kuingia kwenye ndoo

Chakula cha ng'ombe wa maziwa na cha kuku. Baadhi yake hutiwa monensini, dawa ambayo ng'ombe na kuku huimudu lakini kwa farasi huua misuli ya moyo kwa kiasi kidogo sana. Hakuna dawa ya kuiondoa. Weka magunia ya farasi chumba tofauti, na uulize kiwandani kama mashine inayosaga chakula cha farasi husaga pia cha kuku.

Molasi kwa wingi, mkate uliolala, maganda ya viazi yaliyooza, nyasi mbichi zilizofyekwa zikaachwa mfukoni zikapata moto: vyote hivi nimeona watu wema wakivileta kwa huruma. Wapokee kwa shukrani, kisha usimpe.

Na kama una punda kwenye boma hilo hilo, utaratibu huu si wake. Punda ana matumizi madogo ya nguvu, hunenepa kwa nyasi za kawaida na majani makavu, na ndoo ya oti na mafuta humletea maradhi.

Kufuatilia

Pima kwa kamba kila baada ya wiki mbili, andika kwenye daftari linaloning'inia mlangoni: tarehe, mzunguko, kilo, alama, kilichobaki kwenye ndoo, na tabia yake akipandwa. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, usubiri wiki mbili. Uzito usipopanda kabisa baada ya wiki sita za nyasi za kutosha, rudi hatua ya 2 na umwite tena daktari.

Akiongezeka uzito lakini amezidi kuchachamaa, toa oti zote na uzifidie kwa lusani na mafuta. Akitulia lakini haongezeki, ongeza nyasi za usiku kwanza, kisha mafuta. Akifika alama 5, usikate kila kitu kwa furaha. Punguza mafuta kwa mililita 50 kila wiki ukimpima, mpaka kamba ioneshe kilo zile zile mara mbili mfululizo. Dhoruba alitulia kwenye mililita 100 na oti robo kilo kwa mlo. Nyavu za saa 3 usiku sijazigusa.